Niliweka saini kuzuia ghorofa, kumbe nilikuwa namzuia mdogo wangu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nyumba hii haina mahali pa kulia machozi.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa pembezoni kabisa mwa jiji, mahali ambapo basi la mwisho likikupita unalala ulikofika. Wazazi walikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja mpaka mwisho. Mimi ndiye mkubwa, bahati ikaniangukia. Nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa, na miaka tisa iliyopita tukachukua mkopo tukanunua nyumba ndogo katika mtaa mtulivu wenye miti, karibu na shule nzuri na hospitali kubwa. Kanuni za mtaa wetu ni kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja, na kiwanja kikubwa. Kusema kweli sikuwahi kuziwaza hizo kanuni. Niliona miti tu.

Mdogo wangu ana miaka 36. Analea peke yake binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 6. Anafua mashuka katika hospitali hiyohiyo, dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, lakini amepanga kulekule tulikolelewa. Anaamka saa tisa na nusu usiku, anapanda mabasi mawili, na anarudi mtoto akiwa ameshalishwa na dada yake na kulala. Mwaka juzi aliniomba atumie anwani yetu kumwandikisha mvulana katika shule ya hapa. Nilikataa, nikamwambia wakitugundua ni aibu kwa wote. Akasema, "Sawa dada." Hakulirudia tena.

Sasa ndiyo nije kwenye kisa chenyewe. Kwenye kona ya barabara yetu kuna kiwanja chenye nyumba mbovu isiyokaliwa. Mwenyewe ameiomba halmashauri imbadilishie matumizi ya ardhi ili ajenge jengo la ghorofa nne, nyumba 24 za kupangisha. Jumamosi moja jioni mwenyekiti wa kamati ya wakazi akapita na waraka wa pingamizi, kalamu ameifunga kwa uzi kwenye ubao. Akataja foleni ya magari, maji taka, kivuli, watu tusiowajua, na kwamba thamani ya nyumba zetu itaporomoka. Majirani 16 walikuwa wameshaweka saini. Nikaweka ya 17, nikarudi jikoni. Hata dakika mbili hazikufika.

Kumbe mdogo wangu alikuwa amesikia habari za nyumba hizo kazini. Akaenda halmashauri kuulizia, na karani akampa jalada alisome. Akapiga picha ukurasa wa saini, akanitumia. Mstari wa 17 ameuzungushia duara jekundu. Hakuandika neno hata moja.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Binti yake alinijibu mara moja tu: "Mama amesema usijisumbue, mama mkubwa."

Mume wangu anasema nisijitese, kila mtu analinda jasho lake, na nyumba hii ndiyo akiba yetu yote. Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi ni wiki tatu kutoka leo. Nina maswali matatu, Shangazi. Nimekosea kulinda nilichokitolea jasho? Hivi mtaa kweli humbadilisha mtoto, au mtoto wa kufaulu atafaulu popote? Na jengo likisimama, nyumba yetu itashuka thamani?

Wako,
Dada Mkubwa

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ile anwani, saini itafuata. Habari ya anwani umeipitia kwa sentensi chache, lakini mimi nilisimama hapo muda mrefu. Mdogo wako hakukuomba pesa. Hakuomba hata kitanda. Aliomba jina la barabara na namba ya nyumba. Kumkatalia hukukosea, maana mtoto akiandikishwa kwa anwani ya uongo, siku ikijulikana yeye ndiye anayetolewa darasani mbele ya wenzake, si mama wala mama mkubwa. Ila ombi lile lilikuwa na habari ndani yake, nawe ukaisikia kama usumbufu. Mdogo wako alishaona kwamba mwanawe na mwanao hawapishani akili. Wanapishana mahali wanapoamkia.

Kwa hiyo swali lako la pili ndilo nalijibu kwanza, maana hayo mengine yanalitegemea. Jambo hilo limewahi kupimwa, tena kwa njia isiyopatikana mara nyingi katika mambo ya binadamu, yaani kwa kura. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani ilizichukua familia zipatazo 4,600 katika miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, zote zikiishi kwenye majengo ya umma katika mitaa yenye umaskini mkubwa. Kura ikapigwa. Baadhi walipewa hati ya kusaidiwa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye maskini wachache. Wengine walipewa hati isiyo na sharti hilo, na wengine hawakupewa hati. Ubora wa kura ni kwamba hakuna anayeweza kusema waliohama walikuwa na bidii kuliko waliobaki.

Miaka ya mwanzo matokeo yaliwavunja watu moyo. Wazazi waliohama walikuwa na afya nzuri zaidi na hofu iliyopungua, lakini mifuko yao ilibaki vilevile. Wengi wakahitimisha kwamba mtaa haujalishi kitu. Halafu watoto wakakua. Miaka ishirini baadaye wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walizifuatilia familia zilezile kupitia kumbukumbu za kodi ya mapato. Watoto waliohamia mitaa ile bora kabla ya kutimiza miaka 13, walipofika katikati ya miaka yao ya ishirini walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 31 hivi kuliko wenzao ambao familia zao hazikupata hati. Waliohama wakiwa wameshauvuka umri huo hawakuambulia faida hiyo, na dalili zilionyesha kwamba baadhi yao kuhama kuliwarudisha nyuma kidogo. Ukiwa na miaka kumi na mitano unang'olewa na mizizi yako yote, na muda wa kuota upya ni mfupi.

Sasa rudi kwenye barua yako usome umri wa watoto wa mdogo wako. Mvulana 6. Binti 15.

Usiuchukue utafiti huo kama ramli. Familia zile zilitoka kwenye mazingira magumu sana, na pembezoni mlikolelewa huenda si hivyo. Tena najua unachotaka kunijibu: mbona mimi nilitokea kulekule na nimefika? Umefika, ndiyo. Ila wewe ulisomeshwa na nyumba nzima, na mmoja akaachwa ili mmoja avuke. Hesabu ya kupima mtaa unawafanyia nini watoto inawataka watoto wote, na mdogo wako naye ni nusu ya hesabu ya nyumba yenu.

Niende kwenye hizo kanuni ulizokuwa hujawahi kuziwaza. Sikulaumu, zimetengenezwa zisiwaziwe. Mtu akinunua nyumba huona ukuta, bati na miti. Haoni karatasi iliyoko halmashauri inayosema hapa ni familia moja tu kwa kila kiwanja. Na karatasi hiyo ndiyo inayopanga bei. Chukua kiwanja chenu cha kona. Ikisimama pale nyumba moja, familia moja inabeba bei yote ya ardhi. Zikisimama 24, kila familia inabeba moja ya ishirini na nne. Ardhi ni ileile, shule ni ileile, mwendo wa kwenda hospitali ni uleule. Kanuni ikikataa kugawanya, imeshasema bila kutaja jina la mtu kwamba anayefua mashuka asilale karibu na mashuka anayoyafua.

Wala kanuni hizo si za asili. Mji wa Berkeley, California, uliweka maeneo ya nyumba za familia moja tu mwaka 1916, ukiwa miongoni mwa miji ya mwanzo Marekani kufanya hivyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifuta sheria ya mji wa Louisville iliyowakataza watu weusi kuhamia kwenye mitaa yenye weupe wengi. Kugawa watu kwa rangi kukawa kumekatazwa kwenye maandishi ya sheria. Kugawa kwa ukubwa wa kiwanja kukabaki halali, na miji mingi ikagundua kwamba kazi ni karibu ileile. Kisha mwaka 1926 ikaja kesi ya kijiji kinachoitwa Euclid, huko Ohio, ambayo ndiyo iliyobariki mpango mzima wa kutenga maeneo kwa matumizi. Jaji Sutherland wa mahakama hiyohiyo, aliyeandika hukumu, alisema kwamba mara nyingi jengo la ghorofa la kupanga ni kupe tu, limejengwa ili kunyonya uwazi na mandhari nzuri iliyotengenezwa na mtaa wa makazi.

Kupe! Neno hilo nimelisoma zaidi ya mara moja, na kila mara hunichoma. Jengo halina mdomo wa kunyonya. Wenye midomo ni watu waliomo. Mwenyekiti wenu, ambaye huenda ni mtu mwema na siku ya msiba hakosi kufika, hakusema kupe. Alisema "watu tusiowajua". Wewe mmoja wao ulimjua, tena umeshawahi kumbeba mgongoni.

Haya, thamani ya nyumba. Hapo sitakubeza, maana mkopo ni mkopo na nyumba ndiyo akiba yenu. Nitakupa kisa kimoja kwa urefu kwa sababu kinafanana na chako kuliko kingine chochote ninachokijua.

Mount Laurel ni mji wa New Jersey uliokuwa mashamba kabla ya kugeuka kuwa kitongoji cha watu wenye nafasi. Walikuwepo wakazi weusi ambao familia zao zilikuwa pale vizazi kwa vizazi, na nyumba zao zilikuwa zikiwaangukia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapendekeza kujenga nyumba 36 za kupanga za kodi nafuu. Halmashauri ikakataa. Maana yake ilikuwa kwamba watoto waliozaliwa pale hawangeweza kuendelea kuishi pale. Ethel Lawrence, mwalimu wa watoto wadogo, akakubali jina lake litangulie kwenye kesi mwaka 1971. Mwaka 1975 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba manispaa haiwezi kutumia kanuni za ardhi kuwafungia nje watu wa kipato cha chini, na kwamba ni wajibu wake kubeba fungu lake la nyumba zao. Miji ikapuuza. Mwaka 1983 mahakama ikarudia kwa ukali zaidi. Mama yule alifariki mwaka 1994 bila kuona hata tofali moja. Nyumba zilifunguliwa mwaka 2000 na zikapewa jina lake. Katika mikutano ya kupinga yalisemwa yote unayoyasikia mtaani kwenu: uhalifu, shule kujaa, kodi za majengo kupanda, nyumba kushuka thamani.

Baadaye mtaalamu wa sosholojia Douglas Massey na wenzake wakaenda kupima. Waliilinganisha Mount Laurel na miji ya jirani inayofanana nayo isiyopata jengo kama lile, kabla na baada. Uhalifu haukuongezeka kwa sababu ya nyumba zile. Kodi za majengo hazikupanda kwa sababu yake, na thamani ya nyumba za majirani haikushuka. Wakawalinganisha pia wapangaji na watu walioomba nyumba zilezile wakawa bado kwenye foleni. Waliopata nyumba walikuwa wanafanya kazi zaidi na wanapata zaidi, na watoto wao walikuwa kwenye shule bora na wana mahali tulivu pa kusomea. Watafiti hao waliongeza jambo ambalo ningependa ulibebe kwenye kikao chenu: majengo yale yalichorwa yafanane na mtaa, na yakasimamiwa vizuri na watu walioajiriwa kuyatunza.

Siwezi kukuapia kwamba barabara yenu itakuwa hivyo. Jengo lililotelekezwa na mwenyewe, takataka zimejaa ngazini, linaweza kuharibu mtaa wowote, liwe la maskini au la matajiri. Ndiyo maana swali la kuuliza ni nani atalisimamia, badala ya nani atakaa humo. Na kuna upande mwingine ambao mwenyekiti hakuutaja: kiwanja kikiruhusiwa kubeba nyumba nyingi, ardhi yake kwa kawaida hupanda bei. Kanuni ikilegezwa mtaa mzima, hata chako kitaingia humo. Auckland, nchini New Zealand, walilegeza kanuni mwaka 2016 kwenye sehemu kubwa ya ardhi yao ya makazi, na ujenzi ukaongezeka sana. Waliokuwa na viwanja kwenye maeneo hayo hawakuachwa masikini.

Swali lako la kwanza, la jasho, nililiacha makusudi. Mumeo hajakosea kusema mmevuja jasho. Mmevuja. Lakini anayeamka saa tisa na nusu usiku naye si mkavu. Jasho lenu liliwalipia nyumba na kiwanja. Halikuwalipia kiwanja cha kona, wala hewa iliyo juu yake. Ulinzi wa kile ambacho si chako ndio uliouomba kwa saini, na ni kawaida sana, watu waungwana huomba hivyo kila siku. Ufaransa kuna sheria ya mwaka 2000 inayozitaka manispaa nyingi za mijini ziwe na angalau asilimia 20 ya nyumba za kijamii, yaani za kupanga kwa kodi nafuu, ikapandishwa baadaye hadi 25 kwa nyingi kati ya hizo, na bado kuna miji tajiri ambayo mwaka baada ya mwaka huona bora ilipe adhabu kuliko kujenga. Wanalipa pesa taslimu ili wasiwe na majirani fulani. Wewe walau ulilipa wino tu.

Sasa kikao. Nataka ujue chumba kitakavyokuwa kabla hujaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia kumbukumbu za vikao vya namna hii katika miji ya jimbo la Massachusetts, jina kwa jina. Wanaosimama kuzungumza walikuwa zaidi wanaume, wazee, wenye nyumba na wakazi wa muda mrefu. Walioongea kuunga mkono ujenzi wa nyumba walikuwa kama 15 tu kati ya kila 100. Sidhani ni kwa sababu binadamu ni wabaya. Fikiria watakaokaa kwenye zile nyumba 24. Hawana anwani kwenye mtaa wenu, hawajui kama watazipata, na saa ya kikao wako kwenye basi la pili. Mdogo wako hata akifika ataulizwa anaishi wapi. Wewe utaulizwa hivyohivyo, na jibu lako watalikubali.

Kwa hiyo, mwanangu, futa saini yako. Andika barua fupi kwa halmashauri yenye namba ya jalada, jina lako, namba ya nyumba na tarehe uliyotia saini, useme unaiondoa. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri. Utaratibu hutofautiana, uliza dirishani. Mwambie mwenyekiti kabla hajaisikia kwa watu, tena umwambie uso kwa uso, ni jirani yako na mtazeeka pamoja. Kisha uende kikaoni useme mambo mawili matatu, usihutubie. Sema umeishi kote kuwili. Sema dada wa mtu anafua mashuka hospitalini na analala saa mbili mbali. Yale ya maji taka na maegesho ya magari usiyadharau, ni mambo ya kweli. Yaombe yawe masharti ya kibali: mfereji upanuliwe, magari yaegeshwe ndani, jengo liwe na msimamizi. Anayetaka kuzuia hutaja mfereji ili jengo lisijengwe. Wewe utautaja ili mfereji uchimbwe.

Na uulize kodi. Jambo hili wapenda maghorofa hulisahau. Nyumba mpya mara nyingi huanza na kodi kubwa, na inawezekana jengo likasimama na mdogo wako asimudu hata chumba kimoja. Uliza kama halmashauri inamtaka mwenye jengo atenge sehemu kwa kodi nafuu, ngapi, na kwa miaka mingapi. Ukipata nafasi ya kudai kitu kimoja tu, dai hicho.

Pia hesabu miezi. Kibali, msingi, kuta, paa, hata mambo yakienda vizuri hazitapungua miaka miwili au mitatu. Mvulana atakuwa na 9, na bado yuko ndani ya umri niliokueleza. Binti atakuwa amefika 18 na mtihani umeshapita. Yeye jengo halitamfaa, kwa hiyo usimwekee matumaini ya jengo. Kama anataka, na nasema kama anataka mwenyewe, aje kwako siku za shule katika miaka hii ya mwisho, akae kihalali kama mtoto wa nyumba, anwani yake iwe ya kweli. Kama hataki kuacha rafiki zake, mwache. Lakini basi tafuteni nani atamlisha mvulana jioni, maana barua yako imepita haraka sana juu ya yule binti: wewe unaona mama anayechelewa, mimi naona msichana wa miaka 15 anayelea mtoto. Hiyo kazi unaweza kuipunguza wiki hii hii bila kibali cha halmashauri.

Mumeo mweleze haya kabla ya kikao, mwonyeshe barua ya kuondoa saini kabla hujaipeleka. Asiposhawishika, nenda na saini yako, ya kwake abaki nayo.

Nimemaliza na halmashauri, amebaki mdogo wako. Usimpigie tena simu. Usimtumie habari za Mount Laurel, wala usimtumie barua yangu. Hahitaji kufundishwa kwamba mtaa una maana, yeye ndiye aliyekufundisha. Usimpelekee hata nakala yenye muhuri kama zawadi, itaonekana umekuja kudai risiti ya msamaha.

Jua zamu yake inaisha saa ngapi. Siku hiyo omba ruhusa kazini, uwe umesimama nje ya mlango wa hospitali anapotoka. Akikupita, mfuate hadi kituoni. Panda naye basi la kwanza, na mkishuka panda naye la pili. Asipozungumza, nawe usizungumze. Mkifika, mpokee mfuko wake, mwingie ndani wote wawili, na wewe ndiye umlishe yule mtoto kabla hajalala.

Shangazi